Mshika Gia ya Pili

Kila Jumamosi asubuhi, Prosper akishaoshewa Crown yake nyeupe pale karibu na mto Themi, alivuka barabara kwenda kunywa supu kwa Magdalena, na akishakaa tu, kabla hata bakuli halijafika, alianza kuzungumzia gari la mtu mwingine.

Crown yenyewe haikuwa na kasoro. Viti bado vilikuwa na nailoni ambazo ilitoka nazo Japani, na mkewe, Jackline, alikatazwa kula hata karanga ndani yake. Ilikuwa kimya kiasi kwamba Prosper aliwahi kuhangaika kuiwasha ilhali imeshawaka. Ukibonyeza kitufe cha kuwashia, mama mmoja asiyeonekana alisema maneno marefu ya Kijapani kwa sauti ya upole, na Prosper, ambaye aliuza vigae na hakuwahi kufika Japani, hakujua hata neno moja. Alijisemea tu kwamba kama lingekuwa jambo kubwa, yule mama angepaza sauti.

Gari lililomnyima usingizi ni Land Rover ya Mzee Aminieli. Utotoni, kule Kibosho, padri wao alikuwa na moja kama ile, na Prosper na wenzake waliikimbiza nyuma mpaka meno yao yakawa mekundu kwa vumbi. Hapo ndipo alipojiapia kwamba siku moja ataiendesha. Akakua, akafungua duka, na alipopata uwezo akanunua kile ambacho kila mtu wa umri wake mjini Arusha alikuwa akinunua. Lakini moyo ulibaki nyuma ya gari la padri, kwenye vumbi.

Mzee Aminieli alikuwa mkulima wa kahawa na ndizi kutoka Nkoaranga, miteremkoni mwa Mlima Meru. Land Rover yake, ile ndefu ya wazi yenye turubai nyuma, aliachiwa na baba yake. Zamani ilikuwa ya kijani. Sasa ilikuwa na rangi ya kila fundi aliyewahi kuigusa.

"Lile ndilo gari," alisema Prosper Jumamosi hiyo, akionyesha ng'ambo ya barabara kwa kijiko. "Hili langu ni sofa."

"Mimi natamani hiyo sofa," alisema Aminieli. "Mgongo wangu umefika umri wa sofa. Wewe unalala nyumbani kwako ukiota kutikiswa. Mimi natikiswa kweli."

Mtu wa tatu mezani alikuwa Tajeu, Mwarusha wa upande wa Kisongo, aliyeleta maziwa mjini kwa kirikuu, kigari kidogo cha mizigo chenye sauti ya cherehani. Alikuwa haongei sana mpaka supu ifike nusu.

"Ninyi mnaota vitu vidogo," alisema. "Mimi nataka greda. Mwenye greda hababaishwi na barabara mbovu. Anaitengeneza mwenyewe huku anakwenda."

"Utapeleka maziwa kwa greda?"

"Yatachelewa kidogo. Lakini yatafika."

Magdalena alikuja na sahani ya chapati, akaiweka mezani kwa kishindo. Alikuwa amesikiliza mazungumzo hayo tangu alipofungua mgahawa, na ng'ombe wengi walikuwa wamegeuka supu tangu siku hiyo.

"Wanaume wazima," alisema, "kila Jumamosi mnakaa hapa mnasifia wake za wenzenu. Badilishaneni funguo, muone, mniachie meza."

Kwa kawaida wangecheka na kuendelea. Lakini siku hiyo Aminieli hakucheka. Alikuwa amevaa suti. Mkwe mwenzake, Mzee Solomoni, ambaye kijana wake alimwoa Vaileth, binti wa Aminieli, alikuwa anabariki nyumba mpya Moshono, na wageni walikuwa wengi. Mara ya mwisho Aminieli alipokwenda huko, Land Rover ilivuja oili juu ya vitofali vipya vya pevingi uani. Solomoni aliweka chungu cha maua juu ya lile doa, na tangu hapo kila mgeni akifika, alikuwa anakiinua chungu na kumwonyesha.

"Prosper," alisema Aminieli polepole. "Leo tu. Mpaka jioni."

Prosper alijikuta amesimama. Akakaa tena, ili asionekane. Kisha akatoa masharti, na yalikuwa mengi: usile ndani, usibamize mlango, ukung'ute viatu, ukiegesha usiegeshe chini ya mti wenye ndege, nailoni usiiguse. Aminieli aliitikia yote kama mtu anayekula kiapo. Zamu yake ilipofika, alikuwa na machache tu.

"Usizime kwenye tambarare. Zima kwenye mteremko, pua ikiwa imeangalia chini. Mlango wa kushoto unafungwa na ule mpira. Honi ni hizi nyaya mbili, unazigusisha. Halafu ile gia ya pili..."

Simu yake ikaita. Alikuwa mkewe, yuko Moshono tangu jana akisaidia kupika, na sauti yake ilisikika mpaka kwenye sufuria za Magdalena. Aminieli akaanza kuondoka huku simu iko sikioni.

"Gia ya pili imefanyaje?" aliuliza Prosper.

"Utaelekezwa."

"Na nani?"

"Mtu akikusimamisha, wewe simama tu," alisema Aminieli, akaingia kwenye Crown. Yule mama wa Kijapani akasema maneno yake. Prosper alimsikia mzee akijibu, "Asante sana, mama," na gari likateleza bila sauti kuelekea Moshono.

*

Prosper alilia kidogo kwenye barabara ya Moshi, ingawa baadaye alimwambia Jackline ni moshi. Usukani ulikuwa mkubwa kama ungo. Upepo uliingia mahali pote upepo unapoweza kuingia na pengine pasipowezekana. Kila alipojaribu gia ya pili, mkongojo wa gia ulimrudia mkononi kama mtu anayekataa chakula, hivyo akawa anatoka gia ya kwanza na kurukia ya tatu, gari likitetemeka mwili mzima. Hakujali. Watu walimwangalia, naye akawapungia mkono.

Pale Tengeru akakunja kushoto kupanda mlimani. Hapo ndipo furaha ilipoanza kupata shida. Mlima ulitaka gia ya pili, si ya kwanza wala ya tatu. Gari liliunguruma, likapanda kwa mwendo wa mtu mwenye mzigo, na ndizi za pande zote mbili zilimsogelea zimtazame vizuri.

Kwenye kona, bibi mmoja aliyejitanda kitenge aliinua mwavuli. Prosper akakumbuka maagizo, akasimama. Yule bibi alizunguka upande wa kushoto, akafungua ule mpira bila kuuangalia, akaingia, akaufunga tena, akakaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Aminieli amekufa?"

"Hapana, bibi. Amekwenda kwenye shughuli Moshono. Mimi ni rafiki yake. Naitwa Prosper."

"Mimi Tabitha. Haya, twende."

Gari likaondoka. Prosper akaingiza gia ya pili kwa mazoea tu, akijua itatoka. Mikono miwili mikavu ikashuka juu ya ule mkongojo, ikaushika, na bibi akauegemea kwa bega kama anavyoegemewa ng'ombe asiyetaka kukamuliwa. Gia ikatulia.

"Achia," alisema Bibi Tabitha. "Kazi yako usukani. Hii ni yangu."

"Huwa unaishika hivi siku zote?"

"Tangu ilipoanza kutoka. Aminieli alisema ataitengeneza. Nikamwambia ukiitengeneza, mimi nitakaa mbele kwa sababu gani?"

Walipofika njia panda ya usharika, Prosper alikuta kundi la watu limekaa juu ya mikungu ya ndizi. Walipoliona gari waliinuka wote kwa pamoja. Hakuna aliyemsalimu dereva. Walisalimia bodi kwa kulipiga makofi, wakaanza kupakia. Mikungu ikaingia, matenga ya maparachichi yakaingia, mama mmoja akaingia na kuku ndani ya kikapu. Mwanamume mpana wa mabega, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi, alikuja dirishani.

"Naitwa Bariki. Geuza pale kwa mwinjilisti. Soko linajaa."

"Samahani kaka, mimi nilikuja kutembea tu."

"Utatembea huku unashuka," alisema Bariki, akarukia nyuma.

Ndivyo Prosper alivyojua kwamba Jumamosi, baada ya supu ya Magdalena, Aminieli hakuwa anarudi nyumbani kupumzika kama alivyodhani miaka yote. Alikuwa anapanda kuchukua ndizi za nusu ya Nkoaranga na kuzishusha soko la Tengeru, kama baba yake alivyofanya.

Kushuka kulikuwa na elimu yake. Mtu akigonga bodi mara moja, simama. Akigonga mara mbili, nenda. Akigonga mara nyingi, kuna kitu kinaanguka lakini endelea, kitaokotwa na wanaokuja. Haya hakuambiwa. Kwa hiyo kila bodi lilipogongwa, Prosper, mtu aliyezoea breki za Crown zinazoshika ukizifikiria tu, alikanyaga breki kwa nguvu zote. Breki za Land Rover hazikufanya lolote mwanzoni, kisha zikafanya yote kwa mara moja. Mikungu ikasogea mbele na watu wakaifuata. Kuku akasema neno.

"Baba," alisema Bibi Tabitha, mikono bado kwenye gia, "nyuma kuna ndizi. Si mawe."

Karibu na daraja dogo, pale pasipo na mteremko wa aina yoyote, bodi liligongwa mara nyingi. Prosper akasimama. Injini ikazima.



"Tambarare," alisema Bariki kutoka nyuma, kama daktari anayetaja ugonjwa.

Wakashuka. Prosper alijiandaa kulaumiwa, lakini hakuna aliyemlaumu. Walikuwa na kazi. Kila mtu alikwenda mahali pake. Bariki katikati nyuma. Mama mwenye kuku alimkabidhi kuku kwa Bibi Tabitha, akashika nguzo ya turubai upande wa kulia. Mzee mmoja mwenye goti bovu alichechemea mpaka kona ya kushoto nyuma, na mtu alipotaka kuishika kona hiyo kabla yake, alimtazama mpaka akaiachia. Bibi Tabitha hakushuka. Alisema gia haisukumi.

Prosper akafungua mlango ashuke naye asukume.

"Wewe ukae," aliita Bariki. "Nani atakanyaga klachi? Kuku?"

Wakaanza wimbo wa kwaya, wa taratibu, na katika mstari wa pili wote wakasukuma. Gari likaanza kutembea. "Achia," alisema Bibi Tabitha, Prosper akaachia klachi, injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikawaka, na kwaya ikamalizia ubeti ikikimbia. Walipanda mmoja mmoja gari likiwa linakwenda, wakisaidiana mikono. Prosper aliwaangalia kwenye kioo kilichopasuka. Alikuwa hajawahi kuona kitu kizuri namna ile, na alitamani kuwa huko nyuma kuliko alivyowahi kutamani usukani.

Sokoni walishusha. Ndizi kadhaa zilikuwa zimepondeka, nazo zikawekwa pembeni bila maneno, mahali ambapo Prosper asingekosa kuziona. Alibeba mikungu mpaka utomvu ukaandika ramani kwenye suruali yake nzuri. Jioni akawapandisha wote, pamoja na chumvi, mafuta ya taa na godoro la mtu ambaye hakuwemo safarini, na safari hii alisimama na kuondoka bila kumwangusha mtu ila mara moja.

*

Walikuwa wamekaa uani kwa Aminieli, gari limeegeshwa pua ikiangalia chini, Bibi Tabitha akigawa loshoro ya mahindi na mtindi kwa kata, Crown ilipoingia. Hakuna aliyeisikia. Waligeuka wakaiona tu iko pale, kama ng'ombe aliyepotea na kurudi.

Aminieli alishuka taratibu, akafunga mlango kwa vidole viwili.

"Ilikuwaje?" aliuliza Prosper.

"Getini waliniuliza bosi wangu yuko wapi."

Ilikuwa hivi. Mlinzi wa Solomoni aliona gari kubwa na mzee mwenye suti aliyekaa wima, kwa kuogopa kukwaruza nailoni, akaona huyu ni dereva wa mtu. Akamwelekeza nyuma ya nyumba waliko madereva. Aminieli hakubisha. Madereva walikuwa watu wema, wakamwekea kiti. Chakula chao kilitoka jikoni moja kwa moja, bado cha moto, ilhali wageni wa mbele walikuwa wanasikiliza hotuba. Yeye mwenyewe alikuwa kwenye orodha ya watoa hotuba. Solomoni alitoka mara tatu kumtafuta, akichungulia barabarani akitegemea kuona Land Rover, na mara zote tatu Aminieli alijificha nyuma ya Coaster.

"Pole sana, mzee," alisema Prosper.

"Subiri. Sijamaliza. Yule mama wa ndani ya gari lako ana heshima. Kila nikiwasha, ananisalimia. Nikawa naongea naye. Halafu nimetoka Moshono mpaka hapa, na hakuna mtu aliyenisimamisha. Hata mmoja. Nimempita mwinjilisti mwenyewe pale chini, hakuniona. Nimempita binamu yangu, nikampungia mkono, akainamisha kichwa kama mtu anayepitwa na mkuu wa mkoa."

Prosper alimwonea huruma. "Pole," alirudia.

"Pole ya nini?" alisema Aminieli, na macho yake yaling'aa. "Tangu baba yangu anikabidhi funguo sijawahi kukaa peke yangu ndani ya gari. Nilisimama njiani bila sababu. Nikazima. Nikakaa. Hakuna aliyegonga kitu."

Wakatazamana. Ni vigumu kusema nani alianza, maana walisema pamoja. Prosper alisema kama mzee angekubali, yeye angechukua Land Rover moja kwa moja, hivi hivi ilivyo. Aminieli alisema kama Prosper hatanii, basi Crown ibaki hapo hapo ilipo. Wakapeana mikono.

"Mmemaliza?" aliuliza Bibi Tabitha.

"Tumemaliza, mama," alisema Aminieli.

"Na sisi?"

Watu wa nyuma walipanda garini, maana ndipo walipozoea kukaa, wakafanya kikao chini ya turubai. Waliongea Kimeru. Prosper hakuwa Mmeru, lakini Kichaga cha kwao na Kimeru ni ndugu, na aliyasikia maneno aliyotamani asiyasikie. Alisikia ndizi. Alisikia mguu. Alisikia neno la mtu mwema, likifuatiwa na lakini. Mama mwenye kuku aliongea kwa muda mrefu kuliko wote.

Bariki akashuka, akakung'uta nyusi.

"Kaka Prosper, tunakushukuru kwa leo. Hatukukatai wewe kama mtu. Tunaukataa mguu wako wa breki."

"Nitajifunza."

"Kwa ndizi za nani?"

Prosper aliangalia chini, kwenye utomvu wa suruali yake.

"Na wewe, Mzee Aminieli," aliendelea Bariki, "tumesikia ulivyosema kwamba ulikaa peke yako ukafurahi. Tumekusamehe."

Aminieli alikaa juu ya mzizi wa mparachichi kama mtu aliyesomewa hukumu. Bibi Tabitha alimtazama, kisha akamtazama Prosper, kisha akaita Kimeru kitu kifupi kuelekea nyuma ya gari. Kikao kikafunguliwa tena. Safari hii hakikuchukua muda.

Uamuzi ulikuwa hivi. Land Rover itabaki na mwenyewe, na mwenyewe ataiendesha Jumamosi kwenda soko kama kawaida. Wakisharudi, Aminieli atachukua Crown aende anakotaka, peke yake, na hakuna mtu wa Nkoaranga atakayemsimamisha hata akimjua. Prosper naye ataruhusiwa kupanda nyuma. Na kwa kuwa goti la yule mzee limechoka, atapewa kona ya kushoto, pale karibu na bomba la moshi, ya kusukumia. Mzee mwenyewe alinyanyuka kumwonyesha mahali pa kuweka kiganja. Alifanya hivyo kwa huzuni kidogo, kama mtu anayekabidhi shamba.

"Hapa hapachomi," alimwambia. "Kidole kimoja juu zaidi, utajuta."

Prosper alisema anakubali, akaweka kiganja pale pale alipoonyeshwa.

Siku hizi supu kwa Magdalena huisha mapema. Tajeu hubaki mezani peke yake, na anasema utulivu unamfaa mtu anayewaza greda. Jackline alilalamika juu ya suruali, akalalamika juu ya harufu ya moshi, kisha Jumamosi moja akaomba kwenda naye, akapewa nafasi karibu na mama mwenye kuku na akarudi anaujua wimbo.

Halafu ikaja wiki ambayo Bibi Tabitha alisafiri kwenda kumwona mjukuu Babati. Alikuwa ameacha maagizo kwa Bariki, na Bariki aliyatoa njia panda mbele ya watu wote, akiwa amevua kofia. Prosper aliitwa mbele. Alifungua ule mpira, akaingia, akaufunga. Aminieli alipoingiza gia ya pili, Prosper aliishika kwa mikono miwili na kuiegemea kwa bega, na hakuachia mpaka wamefika sokoni, hata pale nyuki alipotua shingoni mwake.

Usiku huo Jackline alimkuta amelala na nguo zake, viganja vimevimba, anatabasamu. Akamvua viatu, akamfunika.